Ukurasa wa Sabasaba

Temeke, Dar es Salaam
7 Julai

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote walioko nyumbani Tanga, na kwa mama nifikishie shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Huku sisi hatujambo, tunaendelea na baridi yetu ya kipupwe ambayo watu wa Njombe wangeicheka, lakini kwa mkazi wa Dar es Salaam inatosha kumfanya atafute shuka la pili. Barua yako niliipokea pamoja na kurasa za Juni za almanaka yetu, nami nimezisoma zote, pamoja na maneno uliyoyaandika pembeni kwa penseli ukidhani sitayaona.

Umeniomba niandike ukurasa wa leo kwa kuwa naishi karibu na viwanja vya Sabasaba, na umetoa rai kwamba tuingize kila jambo tunaloweza kulithibitisha, kubwa kwa dogo, msomaji achague mwenyewe. Hapo sikubaliani nawe. Tarehe hii imebeba mambo mengi mno, na tukiyamwaga yote kwa safu moja, mkutano wa watu waliotaka kujitawala utakaa bega kwa bega na mchezo wa tenisi, na msomaji ataondoka akidhani vyote vina uzito sawa. Mimi nimeamua kuyatenga mambo ya leo katika mafungu mawili: yale yaliyoiangukia tarehe hii kwa bahati tu, na yale ambayo watu waliichagua tarehe hii makusudi kwa sababu ya jambo lililotangulia. Fungu la pili ndilo ningependa lipewe sehemu kubwa ya ukurasa.

Chanzo chake unakijua. Jumatano ya 7 Julai 1954, wajumbe wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, yaani TAA, walikuwa hapa mjini katika mkutano wao, na chama kile kilichokuwa na mizizi tangu mwaka 1929 kikageuzwa kuwa TANU. Waasisi wanaotajwa ni 17. Rais wake wa kwanza alikuwa Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amechaguliwa kuiongoza TAA baada ya kushindana na Abdulwahid Sykes. Napenda tusimtaje Nyerere peke yake, kwa sababu chama hakikuzaliwa juu ya jangwa. Kilirithi jengo, wanachama, mitandao ya wafanyakazi wa bandarini na wafanyabiashara wa Kariakoo, na familia za mjini zilizokuwa zimeshughulika na siasa hizo kwa miaka mingi. Baada ya muda mfupi akaingia Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, na kazi aliyoifanya ya kuwaleta wanawake wa mji huu katika chama haitoshi kuandikwa kwa mstari mmoja. Nashauri apewe ukurasa wake mahali pengine. Mtaa lilipokuwa jengo lile la chama, uliokuwa ukiitwa New Street, sasa ni Mtaa wa Lumumba, na hapo almanaka inatupa zawadi ndogo: Patrice Lumumba mwenyewe alizaliwa 2 Julai 1925, siku tano tu kabla ya tarehe ya Sabasaba. Hilo ni la bahati, lakini ni bahati ninayoipenda.

Sasa tazama jinsi tarehe moja inavyozaa nyingine. Mwaka 2021, tarehe 23 Novemba, Mkutano Mkuu wa UNESCO uliokaa Paris uliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na maadhimisho ya kwanza yakafanyika mwaka 2022. Kiswahili kikawa lugha ya kwanza ya Kiafrika kupewa siku ya namna hiyo na Umoja wa Mataifa. Siku hiyo haikuokotwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba TANU, chini ya Nyerere, ilikifanya Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru, na kwa hiyo siku ya kuzaliwa kwa chama ikaonekana kufaa kuwa siku ya lugha. Waweza kusema kuwa ni siasa, nami nitakubali nusu. Kiswahili kilikuwapo karne nyingi kabla ya kadi ya kwanza ya TANU kuandikwa, na mashairi ya Pate na Lamu hayakungoja mkutano wa Dar es Salaam. Hata hivyo kuna haki ndani ya uamuzi ule, maana mwaka 1954 mtu angeweza kabisa kuanzisha harakati za nchi nzima kwa Kiingereza, akazungumza na wasomi wachache, na historia yetu ingekuwa nyingine.

Kwa majirani zetu wa Kenya tarehe hii ina uchungu. Mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi. Wakakamatwa siku chache kabla, lakini Jumamosi ya 7 Julai watu walikwenda hivyo hivyo, polisi wakawatawanya kwa nguvu, ghasia zikaenea katika miji mingine, na watu wakafa. Mwishoni mwa 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja, kikafutwa. Tangu wakati huo Saba Saba ya Nairobi ni siku ya maandamano, wakati Sabasaba ya Dar es Salaam ni siku ya maonesho ya biashara, aiskrimu na foleni ya Barabara ya Kilwa. Jina ni moja, tarehe ni moja, na mpaka baina yake ni safari ya basi ya siku moja. Katika almanaka yetu nataka hizi mbili ziandikwe zikifuatana, bila kuwekewa kitu katikati. Papo hapo utie mstari mmoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: mkataba wake ulisainiwa Arusha 30 Novemba 1999 na ukaanza kutumika 7 Julai 2000. Mstari mmoja unatosha, maana mambo ya jumuiya tunayaandika kila mwezi.

Nije kwenye fungu la bahati. Hapa nitakuruhusu vitu vitatu au vinne, si ile orodha uliyonitumia. Cha kwanza ni mkate. Tarehe 7 Julai 1928, katika mji mdogo wa Chillicothe, jimbo la Missouri nchini Marekani, mkate uliokatwa slesi kwa mashine uliuzwa kwa mara ya kwanza, na mashine hiyo ilibuniwa na Otto Rohwedder. Kila asubuhi nusu ya mji huu hula slesi hizo kwa chai ya rangi, na sidhani kama kuna anayefikiri kwamba kuna mtu aliyekaa akabuni jambo hilo. Cha pili ni hukumu ya Rouen, Ufaransa. Jeanne d'Arc, binti wa Kifaransa aliyeongoza askari dhidi ya Waingereza kisha akahukumiwa kuwa mzushi wa dini, alichomwa moto katika mji huo 30 Mei 1431, na 7 Julai 1456 mahakama ya kanisa ikatamka kuwa hukumu ile ilikuwa batili, baada ya mama yake mzazi kuwa miongoni mwa waliodai kesi ifunguliwe upya. Huwa napata taabu na siku za namna hii. Miaka 25 baada ya binti kuwa majivu, mama anapewa karatasi inayosema kuwa mwanawe hakuwa na hatia, na sisi tunaiandika tarehe hiyo kama ushindi. Tuiandike, lakini pasiwe na neno la furaha ndani yake. Boris Becker kushinda Wimbledon mwaka 1985 akiwa na miaka 17 waweza kumtia kwa ajili ya wanao; mimi tenisi hainihusu.

Liko la London pia. Asubuhi ya 7 Julai 2005 mabomu yalilipuka katika treni tatu za chini ya ardhi na basi moja, na watu 52 wakauawa. Uliliweka chini kabisa ya orodha yako, na nadhani ni kwa sababu ni la mbali. Kwangu si la mbali, kwa kuwa mwezi mmoja kamili mbele yake kuna 7 Agosti, siku ambayo mwaka 1998 ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam ulilipuliwa, wakafa watu 11, na Nairobi wakafa zaidi ya 200 ndani ya dakika zile zile. Watu wa mji huu wanajua jinsi asubuhi ya kawaida ya kazi inavyoweza kukatika. Kwa hiyo naomba tarehe hizi mbili zielekezane, kila moja ikimtaja mwenziwe.

Kuhusu anga na majira, ambayo ndiyo kazi ya asili ya almanaka kabla ya wanasiasa kuingia humo, nina ya kusema zaidi. Mapema Julai kila mwaka dunia huwa imefika mbali kabisa na jua katika mzunguko wake, yapata kilomita milioni 152, ilhali mapema Januari huwa kiasi cha milioni 147. Usije ukaandika kwamba ndiyo sababu ya baridi yetu, kwa maana wakati huu huu watu wa Ulaya wanaungua kwa joto. Kinachotupa kipupwe ni mwinamo wa dunia: jua sasa limehamia kaskazini, na sisi tuliopo karibu nyuzi saba kusini ya ikweta tunaliona likipita upande wa kaskazini hata saa sita mchana. Simamisha fimbo wima adhuhuri na utaona kivuli chake kinalala kuelekea kusini, kikiwa kirefu kidogo kuliko nusu ya fimbo yenyewe. Utosini litaturudia mwanzoni mwa Oktoba. Pepo za kusi zinavuma, bahari imechafuka, na jua huchomoza baada ya saa 12 na nusu, jambo linalowapa watoto wa shule kisingizio kizuri.

Usiku wa leo Wajapani wengi wana sikukuu ya Tanabata, ambapo watu huandika maombi yao kwenye vipande vya karatasi na kuvifunga katika matawi ya mianzi. Hadithi yake inasimulia wapendanao wawili waliotenganishwa na mto wa angani, nao huruhusiwa kuonana mara moja tu kwa mwaka, siku ya saba ya mwezi wa saba. Wapendanao hao ni nyota za Vega na Altair, na mto ni ule ukanda mweupe wa nyota unaopita kati yao. Ukiwa Tanga waweza kuziona zote mbili upande wa kaskazini mashariki usiku ukiingia ndani, Vega ikiwa chini zaidi na Altair juu. Hapa kwetu nyota zenyewe zaonekana, lakini mto umefunikwa na taa za mji.

Jambo jingine nimelipata kwa kuhesabu tu kalenda, na sijaliona likiandikwa popote. Kutoka Siku ya Karume, 7 Aprili, hadi Sabasaba ni siku 91, yaani majuma 13 kamili. Kwa hiyo siku hizo mbili huangukia siku moja ya juma kila mwaka, uwe mrefu au mfupi. Na kutoka Siku ya Nyerere, 14 Oktoba, hadi Siku ya Uhuru, 9 Desemba, ni siku 56, majuma manane kamili. Ikiwa mwalimu wetu atakumbukwa siku ya Jumanne, basi Uhuru nao ni Jumanne. Sabasaba na Nanenane zimepishana kwa siku 32, kwa hiyo Sabasaba ikiwa Jumatatu, Nanenane itakuwa Ijumaa. Tuyaweke pembeni mwa ukurasa kwa herufi ndogo, watakaoyapenda watayaona.

Kuhusu Nanenane, andika pia kwamba zamani Sabasaba ndiyo iliyokuwa sikukuu ya wakulima, kabla wakulima hawajahamishiwa Agosti na Julai kuachiwa wafanyabiashara. Wazee wa mtaani kwetu bado huisimulia ile Sabasaba ya mihogo mikubwa na ng'ombe wa maonesho, na vijana hudhani wanachanganya miezi. Nilipita viwanjani jana jioni, nikakuta majiko ya gesi, magodoro, pikipiki za umeme na kipaza sauti kikitangaza mtoto aliyepotezana na wazazi wake, kama ilivyokuwa tulipokuwa wadogo.

Ukurasa wa kesho, 8 Julai, ni wako. Najua utataka kumweka Vasco da Gama, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1497 aling'oa nanga Lisbon. Mimi ningemhamishia Aprili 1498, alipofika Mombasa na kisha Malindi, ambako ndiko alikopata rubani wa kumvusha hadi India. Safari yake kwetu ilianza pale watu wa pwani hii walipoyaona matanga yake, na Lisbon wana almanaka zao. Ukikataa, nipe sababu zako kwa barua, usiniandikie kwa penseli pembeni.

Wako wa dhati,
Sahibu yako wa Temeke