Kaka, pesa ya gari haikuwa pesa ya msiba

Kaka,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hata pale mwisho ulipokohoa na kusahau kuzima. Eti nimemharibu mwanao. Yuko Ohio, ana kazi yake na akili zake, sasa anataka kununua gari la zamani, Ford Model T, na mwenye kosa ni mimi kwa kuwa ninalo. Haya. Nakujibu hapa hadharani, maana na wewe yangu uliyasema hadharani.

Kwanza kijana. Mwambie asipumbazwe na rangi. Ashike gurudumu kwa mikono miwili alitikise, kwa sababu spoki zake ni za mbao, na mbao ikishakauka hulia. Achungulie na mbao zilizoshika bodi chini ya bati. Beringi za injini ni madini laini ya kuyeyushwa na kumiminwa. Zikianza kugonga, mafundi wanaojua kuzimimina upya ni wachache na hawana bei ya maskini. Akifika akakuta muuzaji ameshaliwasha na injini ina moto, aage, arudi siku nyingine alikute la baridi, aone linavyowaka. Spea zisimtishe. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927, na mpaka leo kuna watu huku wanaishi kwa kutengeneza vipuri vyake.

Hendeli, ile ya kuzungusha kwa mkono pale mbele kuwasha injini, ndiyo ya kuogopa. Kabla hajaizungusha apandishe kijiti cha kushoto kwenye usukani, kile kinachochelewesha cheche. Dole gumba lisiizunguke hendeli, likae upande mmoja na vidole vingine, na avute kwenda juu, asikandamize chini. Injini ikirusha teke inavunja mkono. Mimi haya nilifundishwa na mzee wa jirani, Mmarekani, ambaye hana undugu wowote na mimi. Wewe na Baba mlishinda chini ya ile Peugeot 404 miaka yote ile, na mimi kazi yangu ilikuwa kutumwa spana.

Mwambie pia kwa mengi yake tenki liko chini ya kiti na pampu hakuna, petroli inateremka yenyewe. Ikibaki kidogo, mlima mkali unapandwa kinyumenyume. Nilipokusimulia hili ulicheka mpaka ukakaa chini.

Kucheka unajua, kaka. Siku ya hitima ya Mama nilipiga simu ili niitikie dua pamoja nanyi. Ukaniuliza kwa upole kabisa, "Lile gari vile ulinunua dola ngapi?" Nikasema elfu tisa, nikidhani tunaongea mtu na kaka yake. Kumbe simu umeiweka spika katikati ya mkeka, na wazee wamenyamaza wanasikiliza. Ukazigeuza shilingi kwa sauti, milioni baada ya milioni. Nikamsikia Mjomba akisema, "Lahaula." Halafu ukamalizia: "Na dawa za Mama tulikuwa tunachangishana." Simu ikakatika. Kama ulikata wewe au ni mtandao, hujaniambia hadi leo.

Dawa za Mama! Risiti za kila nilichotuma ninazo, na aliyekuwa akipokea ni wewe. Sisemi zaidi, wifi anasoma.

Lile gari nilinunua kwa pesa za zamu za usiku, baada ya zamu za mchana kulipa yote mliyoniomba. Harrier yako, ukijumlisha meli, ushuru na yule wakala wa bandarini, ilipita hizo elfu tisa. Nani alikuweka spika? Na hiyo 404 uliyowauzia watu wa vyuma chakavu kwa kilo, nilikuomba uniwekee usukani tu. Usukani, kaka. Si ndio ule uliokuwa ukinipakata nyuma yake, injini haimo, wewe unanguruma kwa mdomo, tunakwenda Lushoto tunarudi, Mama anatuita kula hatusikii? Ungekuwa nao ule usukani leo, nisingekuuliza habari ya risiti.

Basi. Septemba unakuja kumwona mwanao. Mwezi huohuo kuna tamasha la magari ya zamani Greenfield Village, kule Dearborn, Michigan, linafanyika tangu 1951, na langu litakuwepo. Kutoka Ohio si mbali, akulete. Nitakuzungusha. Ila nikuambie mapema usije ukanuna mbele za watu: langu ni la 1923, na mlango wa mbele wa kushoto ni umbo tu lililobonyezwa kwenye bati, haufunguki, ndivyo yalivyotoka kiwandani. Dereva huingilia upande wa abiria. Najua mkubwa ni wewe, lakini nitatangulia mimi, wewe utafuata.