Zambarau za Tanga zisiachwe zikaoza njiani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya zambarau, ambazo kila msimu huanguka na kupondwa barabarani hapa Tanga, huku kwenye simu tukitumiana sifa za sharubati ya elderberi kutoka Ulaya kana kwamba tunda hilo halina mwenziwe kwetu.

Elderberi, matunda madogo ya mti uitwao kitaalamu Sambucus nigra, yana weusi unaotokana na anthosianini, rangi za asili za jamii ileile inayotuachia ulimi wa zambarau. Lakini elderberi mbichi, pamoja na majani na vijiti vyake, zina sambunigrini, kemikali inayoweza kutoa sianidi kama ilivyo kwa muhogo mchungu, ambao mama zetu hawaupiki bila kwanza kuuloweka au kuuanika. Ndiyo maana watu wa Ulaya wenyewe huzipika kabla ya kuzifanya jemu au sharubati; anayezila mbichi huenda akatapika na kuharisha.

Zambarau iliyoiva tunaila ilivyo. Zaidi ya asilimia 80 ya nyama yake ni maji, na humo mna sukari, asidi, vitamini C na tanini, ambayo ndiyo iletayo ukakasi mdomoni. Zichemshe kwa moto mdogo na maji kidogo mpaka nyama iachane na kokwa, chuja kwa kitambaa safi, kisha kamulia ndimu: juisi itazidi kuwa nyekundu mbele ya macho yako, kwa kuwa anthosianini hubadilika kufuatana na ukali wa asidi. Moto ukizidi au chupa ikiachwa juani, rangi hiyo hufifia. India hutengeneza hata siki ya zambarau, na sioni kwa nini sisi tushindwe.

Kuhusu unga wa kokwa unaouzwa kama tiba ya kisukari, namsihi kila mgonjwa asiache dawa za hospitali kwa ajili yake.

Tatizo la tunda hili ni kwamba likishachumwa halikai, hivyo haliwezi kufika soko la mbali likiwa bichi. Naiomba SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambayo hufundisha usindikaji wa vyakula, pamoja na vikundi vya akina mama vya mkoa wetu, waiweke zambarau katika mafunzo yao kabla msimu ujao haujaanza.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga