Shangazi, kunenepa si kupona

Shikamoo shangazi.

Mama amenisimulia ulivyovuka kutoka Ukerewe kwenda kumwona gerezani mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akitumia unga wa heroini, na ulivyorudi umechangamka. Amenenepa, uso umerudi, anasali. Ukamwambia mama kwamba Mungu amejibu maombi kwa mkono wa polisi, na kama ungejua ungewaomba wamkamate mapema. Ningekupigia simu, lakini haya si mambo ya kuongea na mtu aliyezungukwa na wanunuzi wa dagaa. Nayaandika hadharani kwa sababu akina mama wa Igogo, Mabatini na Kirumba hapa Mwanza wenye mabinti ndani wanasema hivyohivyo. Jina lako silitaji, wala lake.

Amenenepa kwa sababu anakula na kulala kwa saa. Unga unaua hamu ya kula, na mtu akikaa mbali nao kwa muda mwili unajaza. Hilo ni jambo jema, sikatai. Ila vilivyoingia kwenye damu yake kabla hajakamatwa havitoki kwa ugali na usingizi.

Wewe unajua alikuwa anavuta, na kweli ndivyo alivyoanza, unga ukichanganywa na bangi kwenye msokoto. Baadaye kete moja, kile kipakiti kidogo cha unga, ikawa haitoshi kuvutwa, na kwa anayejidunga kiasi hichohicho kinafika mbali zaidi. Bomba la sindano lilikuwa la yule kijana mpenzi wake. Yeye ndiye aliyekwenda kununua, yeye aliyechanganya, na yeye aliyejidunga kwanza. Kisha akamdunga mdogo wangu kwa bomba lilelile, kwa kuwa mwenyewe alikuwa hajui kujitafutia mshipa. Waliofanya kazi na wanawake wanaojidunga watakwambia habari hiyo utaikuta kila mahali: mwanamke ni wa pili kwenye sindano, na wa kwanza kutumwa kutafuta hela ya kesho. Bomba likisuuzwa kwa maji ya kwenye kikombe linaonekana safi, lakini virusi vya homa ya ini C vinaweza kukaa humo wiki kadhaa vikiwa hai. Virusi vya UKIMWI navyo hupita njia hiyo, na homa ya ini B pia.

Hela ya kesho inatafutwaje, shangazi, wewe ni mtu mzima. Arosto, yaani mateso ya kukosa unga, ikishika, mifupa inauma, tumbo linaharisha, jasho la baridi linatoka na makamasi hayakauki. Mwanamke aliye kwenye hali hiyo hana nguvu ya kubishana na mwanamume kuhusu kondomu. Wanaume wanalijua hilo vizuri, wengine wanamsubiri mpaka afike hapo ndipo wataje bei. Mwaka 2005 watafiti waliandika juu ya wanawake wa Dar es Salaam ambao mmoja alikuwa akijidunga, kisha anavuta damu yake kwenye bomba na kumpa mwenzake asiye na hela ajidunge damu hiyo, atulize arosto. Walikuwa wanaoneana huruma. Nakutajia ili ujue ile kitu inamfikisha mtu wapi, maana najua bado unasema alikuwa anajiendekeza.

Sasa ukuta wa gereza unazuia nini? Unamzuia mtu kutoka. Duniani kote dawa za kulevya zimekutwa zikiingia magerezani, na zinapoingia sindano huwa haba kuliko dawa, kwa hiyo moja inazunguka mikononi mwa wengi. Hata asiyegusa dawa ana wembe wa kunyolea wa kuazima, ana sindano ya kutogea masikio. Mapenzi nayo yapo, ya hiari na ya kulazimishwa. Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka wafungwa wanawake wasimamiwe na askari wa kike. Na zile za Bangkok za mwaka 2010, zilizoandikwa mahsusi kwa wafungwa wanawake, zinataka mwanamke akiingia apimwe afya yake yote, pamoja na magonjwa ya zinaa, na apewe nafasi ya kupima VVU kwa hiari.

Kwa hiyo ukirudi kumwona, ukishamaliza salamu, muulize kwa upole kama alipimwa alipoingia. Kama hakupimwa, aombe kuonana na mganga wa gereza. VVU, kaswende, homa ya ini B na C, kifua kikuu. Magonjwa mengi ya zinaa kwa mwanamke hayaumi wala hayatoi dalili, yanaharibu mirija ya uzazi kimyakimya, kwa hiyo asisubiri kuwashwa. Shingo ya kizazi nayo ichunguzwe. Kipimo cha siki, cha kupaka siki na kuangalia kwa macho, kinachukua dakika chache, na mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani hiyo mara sita zaidi ya asiye navyo. Hakuna hata kimoja hapo kisicho na la kufanya. Kaswende inatibiwa kwa sindano ya penisilini. Homa ya ini C haina chanjo, ila siku hizi vidonge vya miezi mitatu hivi vinaiponya kwa wengi. B ina chanjo. ARV unazijua, nusu ya mtaa wetu inaishi nazo na inafuga kuku.

Kuna moja la kike sana, ambalo hata yeye huenda hajui. Unga mara nyingi unasimamisha siku za mwezi. Binti anakaa miezi bila kuona damu, anajiaminisha kuwa hawezi kushika mimba, na mimba inakuwa imekaa. Huo unene uliouona, shangazi, mwambie apime na hilo. Kama ni mimba, waganga wanatakiwa kujua mapema, mtoto anaweza kukingwa na VVU akiwa tumboni. Na kama bado kuna dawa mwilini, zisikatwe ghafla bila mganga, kwa sababu arosto kali inaweza kuhatarisha mimba.

Majibu ni yake. Tuna sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, inalinda siri ya aliyepimwa hata kwa mzazi wake. Usimbane akuambie pale mnapoonana, watu wanasikiliza. Akitaka kukuambia atakuambia, na ukishaambiwa usipeleke kwenye maombi ya jumuiya, tafadhali. Nakujua.

Sasa lile lililoninyima usingizi: siku ya kutoka. Mwili uliozoea unga unastahimili kiasi ambacho kingemuua asiyezoea. Akikaa miezi bila kutumia, ule uzoefu unaondoka, lakini kumbukumbu ya kiasi chake inabaki kichwani. Anatoka, anakutana na rafiki, anajidunga kama zamani, anazima. Jimbo la Washington kule Marekani walifuatilia wafungwa waliotoka, na utafiti huo wa mwaka 2007 ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya watu wengine wa jimbo hilo. Wiki mbili tu hizo. Sisi huku ndizo tunazofanyia sherehe, tunachinja kuku, tunampa hela ya kununua nguo.

Hela usimpe mkononi siku hiyo. Nguo tutamnunulia.

Na ukimkuta anakoroma vibaya, midomo na kucha zimegeuka rangi, mboni za macho zimekuwa vitone, pumzi inakatika, usimnyweshe maziwa wala kummwagia maji. Kama pumzi imekata au imebaki ya kuhesabu, mpulizie mdomo kwa mdomo. Kama anapumua, mlaze ubavu asipaliwe. Mkimbize hospitali, na mwambie daktari ukweli kuwa ni unga. Kuna dawa inaitwa nalokisoni, inamrudisha mtu ndani ya dakika chache, ila daktari aliyedanganywa kuwa ni malaria hataifikiria haraka.

Mama anasema mpango wako ni kumpokea getini na kupanda naye meli ya Nansio, Ukerewe, siku hiyohiyo, umtenge na mateja wa mjini. Nimelielewa wazo lako, na hapa ndipo tunapotofautiana. Dawa ya kumshikilia ni methadone. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, na hapa Mwanza inatolewa hospitali ya Sekou Toure. Haiuzwi dukani na kwa kawaida anayeanza hapewi abebe. Anafika kila siku, anakunywa mbele ya mhudumu, anaondoka. Hailewi ikitolewa kwa kipimo, arosto haiji, na bomba linakosa kazi. Waganga ndio watakaoamua kama inamfaa baada ya muda wote aliokaa ndani, ila akiwa Ukerewe hata kumpima haitawezekana, na kuvuka ziwa kila siku hakuna anayeweza. Kisiwani nako usidhani hakuna unga, wala kwenye makambi ya wavuvi hakuna mwanamume mwenye hela ya samaki na haraka zake.

Naomba akae kwangu Nyakato miezi ya kwanza. Ni daladala tu mpaka mjini, na asubuhi naweza kumsindikiza nikielekea kazini. Wewe uje ukae naye wiki zile mbili za mwanzo, usiku mlale chumba kimoja, mlango usifungwe kwa funguo. Yule kijana akija nitaongea naye mimi. Akitaka kupima na kutibiwa na yeye, njia ni hiyohiyo. Akija na mengine, majirani zangu ni Wakurya.

Umeniambia kifungo kinaisha mwezi wa 12. Nijibu kabla ya hapo, maana mwenye nyumba anataka kujua tutakuwa wangapi.

Mwanao.