Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wapiga Picha wa Kumbi za Usiku na Sherehe

Ndugu Katibu, ndugu Mweka Hazina, ndugu wajumbe wa kamati tendaji, ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Wasiofika nitawazungumzia mbele kidogo.

Shughuli za kawaida nitazipitia haraka, kwa kuwa mlikuwepo au mlipelekewa muhtasari. Zimefanyika semina tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kupiga gizani kwa flashi na shata (pazia la kamera linalopitisha mwanga) ya polepole, ili taa za ukumbi zichore nyuma ya mteja na uso wake ubaki umetulia. Ilijaa. Ya pili ilihusu mikataba, na mfano wa mkataba mmeshapewa: ukumbi unanunua ruhusa ya kutumia picha kujitangaza, hakimiliki inabaki kwa aliyepiga, na kampuni ya vinywaji ikiitaka picha hiyo kwa bango lake inakuja mezani kuongea bei nyingine. Kwa wanaoniuliza kila mara kama lazima picha isajiliwe kwanza ndipo iwe mali yao, jibu ni lile lile: Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haudai usajili. Ya tatu ilikuwa ya kulinda masikio, na walikuja watu saba. Tulielezwa kwamba sikio linavumilia desibeli 85, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unakatika nusu, hivyo kwenye desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Sisi tunasimama mbele ya spika mpaka kunakucha. Vizibo vya masikio vilivyobaki viko kwa Katibu, boksi zima.

Vitambulisho vipya vimetoka. Barua za madai zimeandikwa kwa mameneja wanne wa kumbi, na wanachama watano wamelipwa fedha zilizokuwa zimekwama. Barua hizo niliziandika mwenyewe, usiku, baada ya kazi.

Sasa nije kwenye jambo lililowaleta wengi wenu leo, maana sidhani kama mmekuja kusikiliza taarifa ya fedha.

Ni kweli kwamba mwezi wa tatu kamati tendaji ilichukua mfuko wa sherehe ya mwisho wa mwaka ikanunua printa ya kuchapia picha papo hapo. Ni kweli pia kwamba kwa sababu hiyo sherehe haikufanyika. Nimesoma yote yaliyoandikwa kwenye kundi letu. Nimesoma kwamba Mwenyekiti ameila sherehe. Nimesoma kwamba sisi ndio watu pekee duniani tunaopiga picha za sherehe za wenzetu na yetu tumenyimwa. Mashine hiyo hapo nyuma yangu, imefunikwa kitambaa. Anayedhani imeliwa aje aishike.

Kwa nini tuliinunua? Fedha ya kazi hii inatoka kwenye mifuko mitatu. Upo mfuko wa ukumbi unaokulipa kwa usiku, upo wa mwenye shughuli anayekukodi kwa harusi au siku ya kuzaliwa, na upo wa mchezaji mwenyewe aliyekuja kustarehe. Wa kwanza mnaujua ulivyo. Meneja anakulipa anapojisikia, na ukidai sana anakukumbusha kwamba nje kuna vijana wenye kamera wanaoomba waingie bure tu na wapewe vinywaji viwili. Tuliweka bei ya chini ya chama miaka miwili iliyopita, tukapiga makofi hapa hapa, na wiki hiyo hiyo wawili kati yetu wakaenda kupiga bure kwa ahadi ya kutajwa majina. Majina yalitajwa? Walitajwa kwa maandishi madogo chini ya picha moja, tena yamekosewa. Mfuko wa pili ni mzuri lakini una msimu. Huu wa tatu tumeuacha ukafa tukiwa tunautazama.

Tazameni unavyokufa. Saa saba usiku kuna kundi la marafiki, mmoja kavaa taji la siku ya kuzaliwa. Wanakuita, "Tupige tena, tupige tena." Unapiga mara tano. Wanaiona kwenye kioo cha kamera, wanapiga kelele, wanakukumbatia. Unachukua namba. Kesho yake saa sita mchana unawaandikia bei, unajibiwa, "Nitumie tu hiyo moja kwanza niione." Unatuma ndogo yenye nembo yako. Jumanne nembo imekatwa, picha imewekwa kwenye wasifu wake, na namba yako haijibiwi. Mimi simlaumu huyo dada. Hamu yake ilikuwa ile saa saba, na ile saa saba hatukuwa na kitu cha kumuuzia. Picha ya usiku huuzwa usiku. Nimelisema hili kwenye vikao vitatu vya kamati kabla halijakubaliwa, na muhtasari upo.

Mwanachama mmoja mkongwe, ambaye namheshimu kama kaka yangu, alisimama mwezi wa sita akasema Malick Sidibé, mpiga picha wa Mali, hakuwa na printa mlangoni. Akatueleza vizuri sana jinsi mzee yule kule Bamako, miaka ya 1960, alivyokuwa akizunguka kwenye dansi za vijana usiku wa Jumamosi, akirudi studio kusafisha filamu na kuchapa vipicha vidogo, kisha akavibandika kwenye kadi nje ya studio, vijana wakaja kujitafuta na kuagiza. Na mwaka 2007 mtu huyo akapewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa kule Venice kwa kazi ya maisha yake. Sina ninalolipinga hapo. Ila naomba kaka yangu ajiulize kwa nini vijana wale walikwenda studio. Walikwenda kwa sababu picha ya usiku ule ilikuwa pale tu, haikuwepo pengine popote. Leo mtu anafika kitandani ana picha ishirini kwenye simu, za kwake na za kutumiwa. Kitu asichokuwa nacho ni karatasi.

Na karatasi inauzika, nimeona kwa macho. Usiku wa kwanza nilikaa na mashine mimi mwenyewe, ingawa cheo changu hakinidai kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na choo. Waliowahi kuitumia wanajua: karatasi inatoka kidogo na kurudi ndani mara nne, njano kwanza, kisha waridi iliyokolea, kisha buluu, mwisho utando wa kinga. Wakati imeingia njano peke yake watu wanaonekana kama mizimu, na hapo ndipo mteja anapoanza kucheka na kuwaita wenzake. Wanainama pale, vichwa vinne au vitano, kuangalia nani anatokea. Haifiki dakika, picha iko mkononi, imekauka, na wale waliokuja kuangalia ya mwenzao wanauliza zao zinauzwaje. Hakuna tangazo nililowahi kuliona likifanya hivyo.

Takwimu ni hizi, na Mweka Hazina amezihakiki. Tulinunua masanduku mawili ya karatasi na utepe wa rangi unaochapia picha, kila moja la picha 800. Zimechapwa picha 1,312. Zimeuzwa 1,047. Zimeharibika 88, nyingi usiku ule umeme ulipokatika mara tatu. Zimetolewa bure 177. Hapo kwenye 177 nasimama kidogo. Baadhi zilikwenda kwa mameneja na mabaunsa kwa ujirani mwema, hilo tulikubaliana. Lakini nyingine ni za wanachama waliojichapia wenyewe wakiwa wamekumbatiana na madijei. Ndugu zangu, utepe ule unaliwa kipande kizima hata kama nusu ya picha yako ni ukuta mweusi. Baada ya kutoa gharama ya karatasi, mpiga picha amekuwa akibaki na 60 kati ya 100, ukumbi 15, chama 25. Kwa fungu hilo la chama, mashine imesharudisha theluthi mbili ya bei yake. Nani mwingine kwenye chama hiki amewahi kununua kitu kikarudisha theluthi mbili ndani ya mwaka?

Kuna lawama tatu nimeombwa nizijibu.

Ya kwanza, kwamba mashine inapewa watu wa karibu na kamati. Ratiba ilibandikwa mlangoni mwezi wa nne ikiwa na mistari mitupu. Walijiandikisha wanne. Wanne hao ndio wamekuwa wakiitumia. Kama kujiandikisha ni kuwa karibu na kamati, basi kamati iko karibu na kila mwenye kalamu.

Ya pili ni habari ya utepe. Mtajua kwamba utepe uliokwisha tumika unabaki na kivuli cha kila picha iliyopita, rangi kwa rangi. Kwenye ukumbi mmoja utepe ulitupwa kwenye pipa mzima mzima, mhudumu wa usafi akaufunua kwenye taa, na akamwona mtu anayemfahamu akiwa na mtu ambaye hakutakiwa kuwa naye. Yaliyofuata mmeyasikia. Agizo la kuukata kata utepe kabla ya kuutupa nililitoa tangu siku ya kwanza, kwa mdomo. Sasa limeandikwa na limebandikwa kwenye kifuniko cha mashine. Pamoja nalo limeandikwa lile la zamani: mtu akikataa kupigwa hapigwi, akiomba ifutwe inafutwa mbele yake, na aliyelewa hajitambui hauziwi wala haonyeshwi popote.

Ya tatu ndiyo kubwa, kwamba katiba yetu inataka matumizi ya kiwango kile yapitishwe na mkutano mkuu. Nakubali katiba inasema hivyo. Lakini nawauliza, mkutano mkuu upi? Tuliuitisha mwezi wa pili, wakaja 11. Tukauitisha tena baada ya wiki mbili, wakaja 14, na wawili kati yao walifuata vitambulisho wakaondoka. Akidi ni theluthi moja, na sisi tuko 58. Katiba hiyo hiyo inairuhusu kamati kuamua jambo la dharura. Muuzaji alikuwa ametupunguzia bei na punguzo linaisha Ijumaa. Kama hiyo si dharura, naomba nielezwe dharura ni nini. Waliolalamika kwamba hawakushirikishwa nimelinganisha majina yao na daftari la mahudhurio. Sitayasoma hapa. Daftari liko mezani.

Mtu husema, "Mwenyekiti, usiku niko kazini, mchana nalala." Ndiyo maana tuliuhamishia mkutano Jumatatu saa kumi jioni, siku ambayo hakuna ukumbi wa maana unaofanya kazi. Mahudhurio yakapungua kwa watu watatu.

Kuhusu ada. Waliolipa yote ni 23. Waliolipa nusu ni 9. Ambao hawajalipa chochote ni 26. Bei ya mashine ni sawa na ada za wanachama 31. Yaani hao 26 wangelipa, na hao 9 wakamalizia, tungeipata mashine karibu yote bila kuugusa mfuko wa sherehe, na leo tungekuwa tunabishana kuhusu muziki uliopigwa. Na kuna jambo linaniumiza zaidi. Kati ya wale watano waliolipwa kwa barua zangu, watatu wako kwenye hiyo 26. Mwanachama anakuja ofisini amevimba kwa hasira kwamba anaudai ukumbi malipo ya miezi mitatu, na yeye mwenyewe chama kinamdai ada ya miaka mitatu. Nimemwandikia barua yake hata hivyo. Nimeitia muhuri.

Kwa mwaka ujao kamati inatarajia, Mungu akipenda, kuangalia uwezekano wa bima ya vifaa, maana lenzi mbili zimemwagiwa vinywaji na kamera moja imeharibiwa kihisio, jicho lake la ndani, na taa za leza. Tunatarajia pia kuzungumza na wenye kumbi kuhusu malipo ya nusu kabla ya kazi; mazungumzo ya awali yameanza na yanaelekea vizuri. Wazo la printa ya pili lipo, litaletwa wakati wake, kwenye mkutano wenye akidi. Sherehe ya mwisho wa mwaka itafanyika hali ikiruhusu, na wanachama watatakiwa kuja na kamera zao.

Uchaguzi ni mwakani. Nasikia kuna wanaopita pembeni kuomba kura mapema. Fomu zitatolewa kwa waliolipa ada.

Mweka Hazina amekaa pale mlangoni na kitabu cha risiti, na ratiba mpya ya mashine iko pembeni yake, bado ina mistari mitupu kuanzia mwezi ujao.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti