Barua kwa Rehema: habari za Ivan Dixon

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Barua yako nimeisoma hadi mwisho, pamoja na ule mstari ulioukata kwa wino ukidhani sitauona.

Unasema umechoka kuwa dada wa mapokezi. Msimu wa tatu huu unafungua mlango, unasema "karibu, bosi yuko ndani," kisha kamera inamfuata bosi. Kwenye daladala watu wanakuita kwa jina la tamthilia, lako ulilopewa na bibi yako hawalijui. Unataka uachane nao ukaongoze filamu zako, kwa kuwa, kama ulivyoandika, tamthilia ni mshahara tu, si sanaa. Mama yako ameshasema lake na unalijua. Langu linapitia kwa mtu mmoja wa Marekani, kwa hiyo tulia.

Anaitwa Ivan Dixon, mwigizaji na mwongozaji Mweusi. Alizaliwa Harlem, New York, tarehe 6 Aprili 1931, akafariki Charlotte, North Carolina, tarehe 16 Machi 2008. Ukimtaja kwa Wamarekani wa umri wangu watakwambia, "Aa, Kinch!" Hilo si jina lake. Ni la sajenti aliyemwigiza kwenye kichekesho cha televisheni cha Hogan's Heroes, kilichoanza kuonyeshwa na kituo cha CBS Septemba 1965. Nami nilimjua hivyohivyo, kwa kanda za video zilizokuwa zikizunguka melini enzi nikifanya kazi ya redio. Nilimpenda kwa sababu ya kazi: Kinch ndiye mtu wa redio. Mateka wa vita wamefungwa kwenye kambi ya Wajerumani, chini ya sakafu wamechimba mahandaki, na kule chini anakaa yeye na mitambo yake, akipokea habari kutoka London. Mara nyingine anaingia kwenye simu ya Wajerumani na kuigiza sauti ya jenerali wao. Wenzake wanaropoka, yeye hapotezi neno. Mtu wa redio ndivyo anavyotakiwa awe.

Lakini mwaka 1965 haikuwa kawaida Mweusi kuonekana kila wiki kwenye televisheni ya Marekani akiwa fundi anayetegemewa, si mpishi wala mfagizi. Wiki ileile Hogan's Heroes ilipoanza, kituo cha NBC nao walianza I Spy, ambamo Bill Cosby, Mweusi mwingine, alikuwa jasusi. Nje ya hao wawili ungehangaika kutafuta wengine. Na ukweli wa vita yenyewe ulikuwa mwingine kabisa: jeshi la Marekani lilipigana Vita Kuu ya Pili likiwa limewatenga Weusi na Wazungu, na Rais Truman hakutoa amri ya kuwachanganya hadi 1948. Kichekesho kile kilipita juu ya jambo hilo kimyakimya, kana kwamba halikuwapo. Sijui kama niwalaumu. Waliomweka Kinch mle ndani waliwaonyesha watazamaji jambo ambalo jeshi lenyewe lilishindwa kulifanya.

Sasa, kabla hajawa Kinch alikuwa nani? Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Alisomea maigizo kwenye chuo cha Weusi cha mjini Durham, ambacho leo kinaitwa North Carolina Central University, akahitimu 1954. Kundi la maigizo la chuo hicho limechukua jina lake. Mwaka 1958, kwenye filamu ya The Defiant Ones, kazi yake ilikuwa kumshikia nafasi nyota Mweusi Sidney Poitier kwenye sini za hatari, yaani yeye anaanguka ili Poitier asivunjike. Wewe unalalamikia mlango. Mwaka uliofuata akawa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, na Poitier huyohuyo, kwenye A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry, mchezo wa kwanza wa mwanamke Mweusi kufika Broadway, ulioongozwa na Lloyd Richards, Mweusi wa kwanza kuongoza mchezo pale. Dixon alikuwa Asagai, mwanafunzi kutoka Nigeria anayekuja na ndoto za uhuru wa nchi yake. Kumbuka ni 1959. Nigeria bado koloni, na sisi Tanganyika bado tunasubiri. Filamu ya mchezo huo ilipotoka 1961, Asagai alikuwa yeye tena.

Halafu ikaja Nothing But a Man, iliyotoka 1964. Itafute uitazame kabla hujasaini wala kukataa kusaini chochote. Dixon ni Duff Anderson, kibarua wa reli kule Alabama, kusini mwa Marekani, anayemwoa Josie, mwalimu na binti wa mchungaji. Josie ameigizwa na Abbey Lincoln, yule mwimbaji wa jazi. Hakuna bastola wala mbio za magari. Kuna mtu anayetaka kufanya kazi, alishe mkewe, na asiitwe "mtoto" na Wazungu. Anafukuzwa kiwanda cha mbao kwa sababu aliwaambia wenzake washikamane. Anapata kazi kwenye kituo cha mafuta, wateja Wazungu wanamchokoza, na wewe mwigizaji uangalie anavyojizuia: taya, shingo, mkono ulioshika mpira wa mafuta. Hapazi sauti. Unaona hasira ikipanda na kurudishwa chini, na unajua itakakokwenda jioni, nyumbani, kwa mkewe. Hilo ndilo linalouma kwenye filamu ile, kwamba aliyeonewa barabarani anakuja kumwonea asiye na kosa. Aliyeiongoza ni Michael Roemer, na kwa kuwa Alabama ya wakati ule isingewapa nafasi ya kufanya kazi hiyo kwa amani, waliipigia New Jersey. Mwaka 1993 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa.

Kwa hiyo jiulize: mtu aliyetoka kuigiza namna hiyo, mwaka mmoja baadaye anaingia kwenye kichekesho, amevaa visikizio, sehemu kubwa ya kipindi akingoja Kanali Hogan, kiongozi wa wale mateka, aseme la kuchekesha. Je, alijidhalilisha?

Mimi nasema hapana. Alikuwa na mke na watoto, na televisheni inalipa kila wiki. Lakini pia hakuwahi kukaa pale akiwa mtu wa kusema "karibu" tu. Januari 1967, akiwa bado Kinch, alicheza The Final War of Olly Winter, tamthilia ya televisheni kuhusu askari Mweusi wa Marekani aliyepotea katika vita vya Vietnam, vita vikiwa vinaendelea, na akapendekezwa kwa Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani. Muda wote huo jicho lake lilikuwa nyuma ya kamera. Msimu wa tano ulipokwisha, 1970, akaondoka. Hogan's Heroes iliendelea msimu mmoja zaidi, nafasi yake akapewa Kenneth Washington. Katika wale wakuu wa mwanzo, ni yeye peke yake aliyeondoka kabla ya mwisho. Alijua anakokwenda. Kazi ya kuongoza vipindi vya televisheni alikuwa ameshaanza kuipata.

Filamu yake ya kwanza ya sinema kuongoza ilikuwa Trouble Man, 1972. Nitakuwa mkweli: ni filamu ya kawaida ya mpelelezi mwenye suti nzuri, na muziki aliotunga Marvin Gaye umeishi kuliko picha. Ya pili ndiyo iliyomletea balaa.

The Spook Who Sat by the Door, 1973, imetoka kwenye riwaya ya Sam Greenlee. Inamhusu Dan Freeman, Mweusi wa kwanza kuajiriwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kwa kazi ya uofisa, aliyechukuliwa ili seneta mmoja apate kura na shirika lionekane zuri. Wanampa cheo kikubwa cha kusimamia mashine za kurudufisha nyaraka. Wageni wakija anaonyeshwa. Yeye anavumilia, anajifunza kila walichomfundisha, anaacha kazi kwa adabu zote, anarudi Chicago na kuwafundisha vijana wa mtaani vita vya msituni. Fikiria nani angetoa pesa kwa hadithi hiyo. Dixon na Greenlee walichangisha kwa Weusi wenzao, wakubwa kwa wadogo, kisha kampuni ya filamu ya United Artists wakaingia kumalizia na kusambaza. Chicago haikutaka kuwapa ushirikiano, wakaenda jirani, Gary, Indiana, ambako Meya Richard Hatcher, Mweusi, aliwafungulia mji. Sini chache za Chicago waliziiba tu, bila kibali. Muziki ukatungwa na Herbie Hancock.

Ikatoka, watu wakajaa, na baada ya wiki chache ikatoweka kwenye kumbi za sinema. Dixon na Greenlee waliamini hadi kufa kwao kuwa FBI, makachero wa serikali, walikuwa na mkono. Nakala zikapotea. Kwa miaka mingi waliotaka kuiona waliangalia kanda mbovu zilizorudufishwa kwa siri. Kilichoiokoa ni kwamba negativu yake, yaani ile picha ya asili inayotolewa nakala, ilikuwa imefichwa ghalani chini ya jina jingine. Mwaka 2004 mwigizaji Tim Reid aliitoa kwenye DVD, na 2012 Maktaba ya Bunge ileile ikaipokea kwenye hazina ya taifa. Serikali ikawa inahifadhi kwa heshima filamu ya mtu anayefundisha watu kuipiga serikali. Greenlee alikuwa bado hai kuliona hilo. Dixon alikuwa ameshazikwa.

Basi wewe unayesema sanaa iko kwenye filamu na mshahara uko kwenye tamthilia, niambie Dixon alikula nini baada ya 1973. Alirudi televisheni. Aliongoza vipindi vya The Waltons, The Rockford Files, Magnum, P.I., The A-Team na vingine vingi, miaka na miaka. Mwongozaji wa kipindi namna hiyo ni mgeni aliyealikwa. Wahusika si wake, nyumba iliyojengwa pale si yake, na nyota wa kipindi anamjua mhusika wake kuliko wewe. Unapewa skripti, siku chache za kujiandaa, kisha kipindi cha saa moja unakishuti kwa siku saba au nane, na ukichelewa hutaitwa tena. Yeye aliitwa tena na tena. Hao wanaokudharau kwa kuwa kwenye tamthilia, waulize wangapi kati yao wanaweza kumaliza kurasa zao kabla jua halijazama.

Kuna watu wanaosimulia maisha yake kama ya mtu aliyevunjwa: filamu yake kubwa ikauawa, akaishia kuongoza mbio za magari za wenzake. Sikubaliani nao. Magnum ilikuwa ikipigwa Hawaii, naye mwishowe akahamia huko na kumiliki kituo cha redio katika kisiwa cha Maui. (Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu hadi mama yako akaja kuuliza kuna nini. Kinch na redio yake halisi!) Alikuwa ameongoza alichotaka kuongoza na ameishi kwa kazi ya mikono yake. Sehemu iliyouawa haikuuawa na televisheni. Iliuawa na wasambazaji wa filamu, hukohuko unakotaka kukimbilia ukidhani hakuna bosi.

Sikukatazi kuondoka. Ninachokuuliza ni hiki. Hapo unaposhinda kutwa kwenye seti, mwongozaji wenu akiwa anabishana na mpiga picha pa kuweka kamera, wewe uko wapi? Kama uko kwenye kiti unachati, basi miaka mitatu imekwenda bure kweli, na kosa si la tamthilia. Kama unasimama nyuma yao, umeshamwomba hata mara moja akuachie sini moja ndogo uiongoze, hata ile ya mlango? Muulize, mbaya zaidi atasema hapana. Na hiyo filamu yako, umeshaandika kurasa ngapi? Kwenye barua umenitajia jina lake na rangi ya bango. Hadithi hukunitajia.

Kuhusu pesa ulizoniomba: nitachangia, lakini baada ya kusoma skripti, na nitaisoma kama mchangiaji, si kama baba. Nenda kaongee na mwongozaji wenu kabla mkataba haujaisha mwezi ujao, kisha uniletee jibu lake kwa maneno yake mwenyewe. Ukipiga simu piga mchana. Saa mbili usiku nipo kwenye taarifa ya habari, na sipokei hata akipiga waziri.

Mama yako anakusalimu, na anasema ule mlango unaufungua vizuri.

Baba yako