Spirulina, mwani wa pwani na kuku wanaohema

Tangu joto la kaskazi likaze, lawama zinazotufikia sisi tunaouza hapa Unguja unga wa spirulina wa kuchanganya kwenye chakula cha kuku ni zile zile: "Unga wenu wa kijani ni mwani tu. Paje mwani umejaa tele, mbona mnatuuzia kwa bei ya zafarani?" Juzi alikuja dukani mama mmoja wa Fuoni, kakasirika kwelikweli, na uchungu wake tunauelewa. Kuku wa nyama wa wiki ya tano wamemfia mchana mmoja, na mnunuzi alikuwa keshapatikana. Tulipomuuliza kawalisha nini, ikajulikana unga wetu aliutumia mwanzo tu. Ulipomwishia, shemeji yake alimletea spinosum, aina ya mwani unaolimwa pwani, uliokataliwa na wanunuzi wa mwani, wakautwanga na kuuchanganya kwenye chakula kwa kukisia.

Mwani tunauheshimu. Tangu 1989, kilimo kilipoanza kwa biashara Paje na Jambiani, umesomesha watoto wengi. Lakini spinosum ni mmea wa bahari wenye chumvi nyingi na ute ambao tumbo la kuku haliusagi vizuri. Kuku akila chumvi hiyo, anakunywa maji kupita kiasi na kuharisha maji, maranda yanalowa, na harufu kali ya kinyesi inapanda bandani, wakati huo huo yeye anatafuta hewa. Mama yetu aliokoa pesa ya paketi moja, akapoteza kuku waliokwishakula magunia.

Spirulina ni kiumbe kingine kabisa. Ni kidogo hata hakionekani bila hadubini, na hupenda maji ya magadi. Ndicho chakula cha heroe wa Ziwa Natron, na rangi yao ya waridi inatokana nacho. Ikikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Bei inatokana na kazi: kuotesha madimbwini kwenye maji masafi, kuchuja kwa kitambaa, kukamua, kisha kukausha kwa joto dogo, maana moto mkali na jua kali huua rangi, na ndani ya rangi hizo ndimo ulimo msaada tunaouuza. Na hata ikishakamuliwa, bado sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo unga unaobaki ni kidogo. Anayekuuzia kwa robo ya bei yetu, mwombe chembe kidogo, itie kwenye gilasi ya maji baridi, uiache saa kadhaa bila kukoroga. Spirulina hutoa rangi ya buluu. Unga wa majani ya mlonge hautoi buluu hata ukikesha.

Sasa, inasaidiaje? Kuku hatoki jasho. Joto likipita nyuzi 30, na unyevu wetu huu wa pwani, njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema mdomo wazi na kuachia mbawa. Anapohema anapoteza hewa ukaa nyingi, uwiano wa tindikali kwenye damu unaharibika, anaacha kula, na wa mayai ganda linakuwa jembamba. Ndani ya mwili joto hilo huzalisha sumu zinazoharibu chembe hai, na rangi za spirulina huzipunguza. Majaribio ya kuku wa nyama waliofugwa kwenye joto yameonyesha nafuu hiyo, ingawa si kwa kiwango kimoja kila mahali. Ni kinga ya kujengwa mapema. Anayekuja saa saba mchana, kuku wamekwisha kulala ubavu, tunamwambia arudi awape maji baridi na upepo, na unga hatumuuzii siku hiyo.

Kipimo chetu ni gramu 5 kwa kila kilo ya chakula, yaani robo kilo kwa gunia la kilo 50, kuanzia wiki mbili kabla ya joto kukaza. Changanya kwanza na kilo mbili tatu za chakula kikavu, ndipo umwage kwenye gunia zima. Tafadhali, usitie kwenye maji ya kunywa. Kijana mmoja wa Tomondo alifanya hivyo ili asihangaike kuchanganya. Kufika alasiri maji yalikuwa yananuka, kuku wameyasusa, na kuku aliyesusa maji kwenye joto hachukui muda kufa.

Mteja wetu wa Bububu alilalamikia maganda membamba, akawa anaongeza chokaa kila siku. Tulikwenda kuangalia: bati liko chini, chakula anakitia saa sita. Tukamhamishia ulishaji alfajiri na jioni, akaezeka makuti juu ya bati, maji akawa anabadilisha mchana. Hayo ndiyo yaliyorudisha maganda, na hatukujipa sifa isiyo yetu. Kiini cha yai kuiva rangi, hiyo ni spirulina.

Ukishafungua paketi, ifunge vizuri na uiweke gizani, mbali na unyevu. Asiye na mizani aje na gunia lake; tunapima na kuchanganya mbele yake bila malipo ya ziada.