Dada, upimwe kibofu kwanza

Bukavu, Ibanda

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa baba watoto na watoto wote. Huku tuko wazima. Barua yako nimeipata kwa mtu wa boti.

Unasema mkojo unakutoka ukikohoa au ukiinua ndoo, na siku nyingine unakutoka hata kabla hujafika chooni, na kwamba umeambiwa upasuliwe upesi. Tafadhali usikubali kisu kabla hawajakupima kibofu. Nakuambia kama muuguzi, na kama ndugu yako.

Nguo inalowa vilevile, lakini ugonjwa unaweza kuwa mmoja kati ya miwili. Kuna mlango wa kibofu uliolegea kwa uzazi: tumbo likikaza, mkojo unachuruzika. Huo husaidiwa na mazoezi ya misuli ya nyonga, na yakishindikana, upasuaji. Halafu kuna kibofu kinachojikaza ovyo kabla hakijajaa. Hicho huhitaji dawa na kuzoezwa. Ukikifanyia upasuaji wa mlango, haraka ya kukimbilia chooni inaweza kubaki, hata kuzidi. Wapo wenye yote mawili, na kwa maelezo yako nahofia hivyo. Hata kati ya wanawake walioshonwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, likaziba vizuri, wapo wanaoendelea kulowa kwa sababu hizi hizi.

Najua kipimo kinakutisha. Kwanza watapima mkojo, maana ukiwa na maambukizi yatatibiwa kabla. Kisha watakuingiza mpira mwembamba kwenye kibofu na mwingine kwenye njia ya haja kubwa. Huu wa pili ndio unaoshangaza wengi. Ule wa kibofu unapokea nguvu zote, za tumbo na za kibofu chenyewe. Huu wa nyuma unapokea za tumbo tu. Mashine inatoa hizi katika zile, na kinachobaki ni nguvu ya kibofu peke yake.

Seramu, yaani maji ya chumvi ya hospitali, inaingia kwenye kibofu polepole, nawe unasema unapoanza kuhisi mkojo. Wengi huhisi kwenye mililita 150 hadi 200 hivi. Utaambiwa ukohoe. Maji yakitoka huku mstari wa nguvu ya kibofu kwenye mashine umetulia, ni mlango. Mstari ukipanda wenyewe na haraka ikakushika, ni kibofu.

Wanawake wengi hujifunika uso kwa kikwembe wakati huo. Mimi huwashika mkono nikiwaambia: lowa, mama, hicho ndicho tunachokitafuta. Nawe usijikaze kwa haya, maana ukijibana kipimo hakitaona kitu.

Kama hapo Goma mashine haipo, waulize kama wanaweza kutumia bomba la sindano lisilo na kisukumio, lililounganishwa na mpira na kuinuliwa juu. Wanamimina maji kidogo kidogo. Yakipanda yenyewe bila wewe kukohoa, kibofu kinajikaza. Haioneshi yote, lakini inashinda kukisia.

Kabla ya kwenda, andika kwenye daftari kwa siku tatu: umekunywa nini, umekojoa saa ngapi na kiasi gani kwa kikombe cha vipimo, umelowa ukifanya nini. Baada ya kipimo mkojo unaweza kuwasha siku moja au mbili, kunywa maji. Ukipata homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Ukipendelea kupimiwa huku, nitumie ujumbe tu. Kitanda kipo, nami nitakungoja bandarini.

Nduguyo akupendaye